Jalada la McGinnis na Jinsi ya Kulipima

Ukitaka kujua kama jalada la riwaya ya zamani lilichorwa na fundi kweli kweli, usianze na uso wa mwanamke aliyemo. Anza pale pasipo na kitu. Robert McGinnis, Mmarekani aliyezaliwa Cincinnati, Ohio, mwaka 1926 na kufariki 2025, alichora majalada zaidi ya 1,000 ya vitabu vya jalada laini, na sehemu kubwa ya ubora wake imo katika nafasi alizoziacha wazi.

Vitabu hivyo viliuzwa kwenye maduka ya dawa na vituo vya mabasi, vimepangwa kwenye rafu za waya, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 11 hivi. Mpita njia hakuwa na muda wa kutafakari. Kwa hiyo lisimamishe jalada ukutani, urudi nyuma hadi upande wa pili wa chumba. Umbo la mtu likisomeka bado, kazi ni nzuri. Ukiona vurugu ya rangi tu, mchoraji aliogopa kuacha pembe tupu. McGinnis alianza na kampuni ya Dell mwaka 1958, na katika majalada yake ya riwaya za mpelelezi Mike Shayne mara nyingi utamkuta mwanamke mmoja mrefu, nyuma yake rangi tulivu, na jina la kitabu limepata mahali pake bila kumkanyaga.

Kisha tazama uzito wa mwili. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mtu aliyechorwa vizuri ana mguu unaombeba na mguu uliopumzika. Bega likishuka, nyonga hupanda. McGinnis alirefusha miguu kupita maumbile, lakini watu wake wamesimama sawasawa, nawe huna shaka kwamba sakafu ipo. Waigaji walichukua urefu, wakauacha uzito.

Rangi aliyoipenda McGinnis ni tempera, unga wa rangi uliokorogwa kwa kiini cha yai. Hukauka upesi, haikubali kulainishwa taratibu kama rangi ya mafuta, hivyo mchoraji huijenga ngozi kwa mistari myembamba, tabaka juu ya tabaka. Itafute kwenye kivuli cha shingo na mikunjo ya gauni. James Avati, aliyeanza kabla yake na kujulikana kwa majalada ya kampuni ya Signet, alitumia mafuta, na vyumba vyake vina kiza kizito cha maisha magumu. Kwa hadithi ya huzuni, mimi namweka Avati mbele.

Baadaye picha za kamera zilichukua nafasi kubwa kwenye majalada. Waliosoma riwaya za James Hadley Chase Nairobi au Dar es Salaam wanayakumbuka majalada ya namna hiyo. McGinnis alihamia riwaya za mapenzi, kazi zilizojaa nywele na vitambaa, ambazo siziweki sawa na zile za miaka ya 1960. Kampuni ya vitabu ya Hard Case Crime, iliyoanza kuchapisha mwaka 2004, ilimrudisha kwenye riwaya za uhalifu akiwa mzee, na mkono ulikuwa bado imara.

Ukinunua, kagua kama rangi zimepandana vizuri kwenye kingo za midomo na vidole. Na ukikuta nakala mbili za jalada moja, chukua ile ambayo picha haikukatwa pembezoni, hata kama mgongo wake umepasuka.