Ndege wa Mr Malik, Nyasi za Kinangop

Kama hujasoma A Guide to the Birds of East Africa, riwaya ya Nicholas Drayson ya mwaka 2008, mambo ni hivi. Mr Malik, mzee mpole wa Nairobi aliyefiwa na mke, anampenda kimyakimya Rose Mbikwa, mama anayeongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumanne. Mara anatokea Harry Khan, mtesi wake wa tangu shule, pesa na maringo tele. Klabu yao inaamua: atakayeona aina nyingi zaidi za ndege kwa wiki moja ndiye atakayemwalika Rose kwenye dansi.

Kitabu ni kitamu, sitadanganya. Utacheka. Hata hayo matembezi yana ndugu yake wa kweli: Fleur Ng'weno alianzisha yale ya Jumatano, ya kutoka Makavazi ya Kitaifa, mwaka 1971. Shida yangu ni moja. Ndege humo ni pointi. Anaonekana, anaingia daftarini, gari linaondoka. Ni nadra sana kuulizwa shamba alilosimama ni la nani, na mwenyewe anapata nini kwa kuliacha hivyo.

Sasa toka Nairobi, kata pale Flyover, uende Njabini. Kwenye uwanda wa Kinangop anaishi Sharpe's Longclaw, mgongo wa kahawia, kifua cha manjano, na duniani kote haishi nchi nyingine ila Kenya. Jina alipewa mwaka 1904 na Frederick Jackson, afisa wa kikoloni, kwa heshima ya Richard Bowdler Sharpe, msomi wa ndege wa London. Jina la kwao, basi, lakini nyasi ni za mkulima mwenye hati ya shamba. Na huyu ndege hataki msitu. Anataka nyasi fupi zenye mashungi ya kujifichia. Ukilima, umemfukuza. Ukipanda mikaratusi, umemfukuza pia, ingawa shuleni sote tuliimbishwa kwamba mtu mwema hupanda miti.

Hapo ndipo penye riwaya! Waru zina bei, karo ni Januari, na nyasi hazilipi kitu mpaka zipite tumboni mwa ng'ombe au kondoo. Wenyeji waliojiunga kama Friends of Kinangop Plateau wameielewa hesabu hii vizuri kuliko waandishi wengi. Badala ya kuhubiri tu, walianzisha kazi ya sufu pale Njabini: inasokotwa, inafumwa mazulia, yanauzwa, ili kondoo amletee mwenye shamba sababu ya kutolima. Nature Kenya nayo imenunua vipande vya nyasi vihifadhiwe, ila vipande tu. Sehemu kubwa ya uwanda ni mashamba ya watu.

Ripoti za mashirika huwaita watu hawa "jamii". Neno hilo limenichosha. Jamii haigombani, haina deni, haimwonei jirani wivu kwa sababu waru zake zimejaza lori. Iko pichani tu, inatabasamu. Drayson angalau ana Benjamin, kijana anayefanya kazi kwa Mr Malik na kumsaidia kutafuta ndege. Yeye ndiye nilitamani kumfuata hadi kwao, lakini riwaya ina haraka ya kurudi klabuni.

Mwaka 2012 Drayson alimrudisha Mr Malik katika A Guide to the Beasts of East Africa. Sawa, ni mtu wake. Sisi je? Tunaandika Nairobi kila siku, matatu, rent, mapenzi ya WhatsApp. Bado nasubiri hadithi fupi moja ya mume na mke wa Njabini wanaozozana usiku juu ya eka mbili: mume ameshalipia trekta ya Jumatatu, mke ana kondoo kumi na mmoja, na kule nje, chini ya shungi la nyasi, kuna mayai.