Kitabu Kinachotuuliza Sisi Makatekista

Kitabu tunachotaka kukipima leo si kipya. Kilitoka Ufaransa mwaka 1948, na jina lake ni "Jésus et Israël", yaani Yezu na Israeli. Mwandishi wake, Jules Isaac, alikuwa Myahudi. Twakileta mbele yenu kwa sababu moja: tulipokisoma tulikuta humo kosa letu wenyewe.

Yafaa tulieleze kosa hilo kwanza. Mwaka mmoja, katika Juma Takatifu, tuliwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza mateso ya Bwana wetu. Tulisema kama tulivyofundishwa nasi tungali wadogo: Wayahudi walimwua Yezu, kwa hiyo Mungu aliwalaani na kuwatawanya duniani. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, na Mama Maria alikuwa wa kabila gani?" Tulimwambia anyamaze, tukaendelea na somo. Seminarini tulisoma Maandiko miaka mingi, jibu tulilijua. Hatukutaka kulitoa, maana lingevunja somo letu lote.

Basi Jules Isaac ameandika kitabu kizima juu ya swali la namna hiyo.

Isaac alizaliwa mwaka 1877. Alikuwa mwalimu wa historia, na vitabu vyake vya shule vilisomwa na wanafunzi wa Ufaransa kwa miaka mingi. Tena alifanywa inspekta mkuu wa masomo. Mwaka 1940, Ufaransa ilipokwisha kushindwa na Wajerumani, serikali ya Vichy ilitoa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali, naye akafukuzwa. Mwaka 1943 mke wake na binti yake walikamatwa, wakapelekwa Auschwitz, wasirudi tena. Yeye alipona kwa kuwa saa ile hakuwako nyumbani. Aliendelea kuandika akiwa mafichoni, na kitabu hiki amekitoa kwa ukumbusho wao.

Mtu aliyepatwa na hayo angeweza kuandika maneno ya kisasi. Isaac alishika Injili, akaisoma mstari kwa mstari, akauliza: je, mafundisho ya Wakristu juu ya Wayahudi yametoka humu kweli? Kitabu kina hoja 21. Anaonyesha ya kwamba Yezu alikuwa Myahudi kwa mwili, mwana wa mama Myahudi, aliyetahiriwa siku ya nane na kusali katika sinagogi. Na Mitume wote walikuwa Wayahudi. Anaonyesha ya kwamba watu wengi walimsikiliza Yezu kwa furaha. Na sisi twakumbuka kwamba wakuu waliogopa kumkamata mchana mbele ya watu, wakaja usiku. Hukumu ya msalaba aliitoa Pilato, naye alikuwa Mroma.

Hoja iliyotugusa kuliko zote ni ile ya kutawanyika. Wayahudi walikuwa wametawanyika katika nchi nyingi zamani sana kabla ya Yezu kuzaliwa. Nani asiyeweza kuliona jambo hilo katika Matendo ya Mitume? Siku ya Pentekoste walikuwako Yeruzalemu Wayahudi waliotoka Misri, Roma, Mesopotamia na mahali pengine. Basi adhabu gani hiyo iliyoanza kabla ya kosa? Tumelisoma somo hilo la Pentekoste kila mwaka, na hata siku moja hatukulifikiri.

Mafundisho hayo mabaya Isaac ameyaita fundisho la dharau. Ni jina la haki.

Hatusemi ya kwamba kitabu hakina kasoro. Ni kirefu, na jambo moja hurudiwa mara nyingi. Tena, mahali ambapo Injili haipatani na hoja yake, hasa Injili ya Mateo, Isaac humshuku Mwinjili mwenyewe. Hapo Mkatoliki hawezi kumfuata. Kisha, njia anayoichora toka mahubiri ya Wakristu hata Auschwitz imenyooka kupita kiasi. Watu wa Hitler walijenga chuki yao juu ya damu na ukoo, wakaichukia Eklezia pia, na mapadri wengi wa Polandi waliuawa nao. Hati ya Roma ya mwaka 1998 juu ya Shoah, ndiyo maangamizi ya Wayahudi, yatofautisha mambo hayo mawili, nayo yafanya vema. Walakini tusijifiche nyuma ya tofauti hiyo. Mbegu ya Hitler ilikuwa nyingine, lakini shamba lilikuwa limekwisha limwa, na wakulima walikuwa wabatizwa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Isaac hakutuomba dini mpya. Katekismu ya Konsili ya Trento, iliyotoka mwaka 1566, yafundisha ya kwamba wenye dhambi wote ndio waliosababisha mateso ya Kristu, na ya kwamba kosa letu Wakristu ni zito kuliko la Wayahudi, kwa sababu sisi twakiri kumjua. Hazina ilikuwa sandukuni mwetu. Mgeni ndiye aliyetuambia tuifungue.

Yohane wa XXIII aliifungua. Mwaka 1959 aliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno la Kilatini "perfidis", ambalo watu walilisikia kama tusi kwa Wayahudi. Tarehe 13 Juni 1960 alimpokea Isaac, mzee wa miaka 82, na kazi ikawekwa mikononi mwa Kardinali Bea. Tarehe 28 Oktoba 1965 Konsili ya Vatikano ya pili ilitangaza hati "Nostra Aetate", kwa kura 2,221 dhidi ya 88: kifo cha Yezu kisihesabiwe juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya Wayahudi wa leo. Isaac hakuiona siku hiyo. Alikufa mwaka 1963.

Tangu hapo universite nyingi, ndizo vyuo vikuu, zimeshika kazi ya kufundisha Shoah na kupinga chuki juu ya Wayahudi. Huko Marekani, universite ya Yale huhifadhi ushuhuda zaidi ya 4,400 wa watu waliopona, sauti na sura zao. Katika Pennsylvania, Seton Hill, shule iliyoanzishwa na masista, ilifungua mwaka 1987 kituo cha Kikatoliki cha mafundisho hayo. Roma, Gregoriana ina kituo chenye jina la Kardinali Bea. Ni kazi njema. Mwanafunzi anayemsikia mama mmoja akitaja majina ya ndugu zake waliouawa, hatasahau upesi kama yule aliyeandika katika daftari "milioni 6" apate kupasi mtihani.

Lakini tuyapime masomo hayo kwa kipimo cha Isaac. Tarehe 20 Januari 1942, wakuu 15 wa Wajerumani walikutana Wannsee, mtaa wa Berlin, kupanga namna ya kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya. Watu 8 kati yao walikuwa madaktari wa universite. Basi elimu peke yake haimzuii mtu kuchukia. Yaweza hata kumpa kalamu ya kuandika orodha. Isaac, naye mwalimu, anamwuliza mwalimu mwenzake: jana ulifundisha nini, na kesho utabadili nini? Somo la Shoah lisilofika kwenye swali hilo limekomea njiani. Kwa hiyo twawasifu hasa wale wa Seton Hill, kwa maana huwaandaa walimu. Dharau haikuanzia katika universite. Ilianzia kwa mtoto mdogo, na mwalimu wake mpole aliyempenda.

Malalamiko yetu ni haya: njia kutoka universite hata kanisa la majani ni ndefu mno. Sisi tulizaliwa miaka mingi baada ya mwaka 1965, na bado tulifundishwa dharau, kisha tukaifundisha.

Pengine mtu atasema: Wayahudi wako mbali, yatuhusu nini? Amwulize mzee wa Lubumbashi juu ya sinagogi ya mji huo, iliyojengwa karibu na mwaka 1930. Wayahudi wengi walioishi pale walitoka kisiwa cha Rhodes. Mwezi wa Julai 1944 ndugu zao waliobaki kisiwani, zaidi ya 1,600, walichukuliwa na Wajerumani hadi Auschwitz, wakarudi wachache sana. Na katika Ubelgiji, nchi iliyotuletea katekismu, zaidi ya Wayahudi 25,000 walipakiwa katika treni pale Mechelen, toka mwaka 1942 hata 1944. Tena sisi wa nchi hizi tumeona kwa macho yetu neno la dharau lifikapo. Katika Rwanda Watutsi waliitwa mende kabla ya kuuawa mwaka 1994, na wengine waliuawa ndani ya makanisa, na watu waliobatizwa.

Basi, makatekista wenzetu, Juma Takatifu litarudi. Tuwaambie watoto tangu somo la kwanza ya kwamba Yezu ni Myahudi. Tutakapofika kwenye msalaba, tumtaje Pilato, kisha tutaje dhambi zetu. Na kijana akimwita mwenzake "Myahudi" kwa kumtukana, tusicheke.

Mtoto yule alihama na wazazi wake kabla hatujamjibu. Twamjibu hapa, ingawa tumechelewa: Mama Maria alikuwa Myahudi, mwanangu, na swali lako lilikuwa zuri kuliko somo letu.