Aliyepigwa Akapendwa

Hapa Mbuchi hatuna ulingo wa ngumi. Tuna mto na matawi yake, tuna mikoko, tuna kamba na mpunga, na tuna kibanda kimoja cha makuti ambamo kijana mwenye sola na televisheni hutoza kiingilio kila panapokuwa na mpira au pambano. Watu hukiita kibanda umiza, kama kwingineko nchini, na atakayekaa humo saa mbili katikati ya watu sitini hatauliza sababu ya jina hilo. Mimi huingia bure. Mwenye kibanda nilimfundisha darasa la nne, na kila nifikapo huniwekea kiti cha plastiki mbele, pembeni kidogo, mahali panapopata upepo.

Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba nitakayoyaeleza hayatoki kwa mtu aliyesimama mbali na kunyooshea wenziwe kidole. Nilikuwemo, tena kwenye kiti.

Mwaka 2022, kati ya Julai na Septemba, nilitazama mapambano matatu ambayo hadi leo sijayamaliza kuyafikiri.

La kwanza lilikuwa la mapigano yale ya mchanganyiko, ambayo watu hufungiwa ndani ya wavu na kuruhusiwa ngumi, mateke, mieleka na kabali. Vijana hupenda kutuonyesha mikanda yake kwenye simu. Hilo lilifanyika Las Vegas, tarehe 2 Julai, baina ya bingwa Israel Adesanya, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia New Zealand, na Jared Cannonier wa Marekani. Adesanya aliingia kwa madaha, amevaa kofia na koti jeusi mfano wa mzika maiti, na watu wakashangilia. Kisha pambano likaanza, naye akapigana kwa akili: akakaa mbali, akagusa na kuondoka, hakujiachia apigwe. Alishinda kwa pointi baada ya raundi tano. Watazamaji wakamzomea, na wengine wakaondoka kabla halijaisha. Mle kibandani nako walisema vivyo hivyo, kwamba amewapotezea muda.

La pili lilipiganwa Songea mwishoni mwa mwezi huohuo. Karim Mandonga, ajiitaye Mtu Kazi, alikuwa amezunguka katika redio na televisheni akieleza jinsi atakavyomfanya Shaban Kaoneka. Aliipa ngumi yake jina, Ndoige, na nchi nzima ikalishika neno hilo kabla ya kuiona ngumi yenyewe. Usiku ulipofika akapigwa, pambano likakatishwa. Msomaji, sijapata kuona kushindwa kunakopokelewa kwa furaha namna ile. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Baada ya wiki chache Mandonga alikuwa na jina kubwa kuliko bondia aliyemshinda, na wafanyabiashara walimtafuta awatangazie bidhaa zao.

La tatu lilipiganwa Liverpool, Uingereza, tarehe 3 Septemba. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikutana na Liam Smith. Huyu Mwakinyo ndiye aliyekwenda Birmingham Septemba 2018 akiwa bondia wa kuzibia pengo tu, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili, Waingereza wakabaki midomo wazi. Lakini safari hii, katika raundi ya nne, alipiga goti, na pambano likaishia hapo. Alieleza kwamba begi lake lilipotea safarini, kwamba viatu alivyovivaa vilimbana, na kwamba kifundo cha mguu kilimuuma. Nchi haikutaka kusikia. Aliitwa mwoga, akatungiwa vichekesho, akaulizwa amewafanyia nini Watanzania.

Nayaweka matatu hayo pamoja. Aliyeshinda bila kuumia alizomewa. Aliyepigwa alipendwa. Aliyeona mguu unauma akapiga goti alitukanwa, na waliomtukana ni walewale waliomkumbatia yule wa pili wiki tano zilizotangulia. Wakati vijana wanabishana kama jambo kubwa katika mapigano ni kushinda au kufurahisha, mimi huona kwamba swali hilo watazamaji wamekwisha kulijibu kwa makofi yao, na jibu lao halikunipendeza, ingawa nami nilipiga makofi.

Sitaki nimdhulumu Mandonga. Yuko tofauti na wale wapuuzi wanaofikiri kelele ndiyo kazi. Alipanda ulingoni kweli, alipigwa kweli, na mara nyingine alishinda kweli. Januari 2023 alikwenda Nairobi na ngumi nyingine mpya, Sugunyo, aliyodai ameiagiza Ukraine, akamshinda Daniel Wanyonyi mbele ya Wakenya wenzake. Kipaji chake cha kusema ni kipaji halisi. Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini, na ninajua kwamba mtu anayeweza kuwafanya watu elfu wamsikilize kwa hiari yao si mtu wa kubezwa. Tena ana hoja. Mkanda hauliwi. Nchi hii ina mabondia wengi walioshinda mapambano yao na hakuna anayewakumbuka majina, sembuse kuwalipa. Mtoto wa maskini akigundua kwamba mdomo unalisha kuliko konde, mimi ni nani nimwambie afunge mdomo?

Na wapo watakaonikumbusha Muhammad Ali. Ni kweli. Alisema kuliko wote, akatunga mashairi ya kejeli, na tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa akaegemea kamba, akamwacha George Foreman ampige hadi mikono ikachoka, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na habari zilipofika tulizishangilia kana kwamba Ali ni mjomba wetu sote. (Alipokuja Dar es Salaam Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie michezo ya Olimpiki ya Moscow, Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Kwa jambo la mataifa, hakutaka kuletewa mwanamasumbwi.) Basi Ali alishinda na akafurahisha. Lakini wanaomtaja husimulia usiku wa Kinshasa tu. Mwaka 1984 madaktari walitambua kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Wapo waliobishana kuhusu chanzo chake, lakini sote tulimwona mwaka 1996, akiwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, mkono ukimtetemeka, na kile kinywa kimenyamaza.

Hapa ndipo ninapofika kwenye hoja yangu. Tunazungumza kana kwamba kushinda ni tamaa ya mpiganaji na kufurahisha ni ukarimu wake kwa watu. Mimi naona kinyume. Katika michezo hii ya kuumizana, nia ya kushinda ndiyo mlinzi pekee aliye upande wa mpiganaji mwenyewe. Anayetaka kushinda huinamisha kidevu, huinua mikono, hubana viwiko mbavuni, huondoka mahali ngumi inapokuja. Hujifunza kwa miezi jinsi ya kutopigwa. Na yote hayo yanachosha kutazama! Kila kinachomkinga bondia kinampa mtazamaji usingizi. Tunachokilipia ni ile nafasi ambapo mikono imeshuka. Kwa hiyo anayepigana ili atufurahishe hana budi, mapema au baadaye, kumfukuza mlinzi wake mlangoni.

Wenye biashara wanalijua hili vizuri. Katika kampuni ile kubwa ya Marekani, UFC, kwa miaka mingi walikuwa wakitoa dola 50,000 kwa pambano bora la usiku, na wakimpa kila mmoja wa wapiganaji wawili, aliyeshinda na aliyeshindwa. Nilipoelezwa nilifikiri ni wema. Kisha nikafikiri tena: ni mshahara wa kupigwa vizuri.

Hata hivyo kuna jambo moja katika mchezo huo wa wavuni ambalo ngumi zetu zingeliiga ningefurahi. Mpiganaji akikabwa shingo au akipindwa mkono hadi karibu kuvunjika, humgonga mwenzake mara mbili tatu kwa kiganja, na mwamuzi huwatenganisha mara moja. Amekubali yaishe. Huinuka, hukumbatiana na aliyemkaba, na kwa kawaida hakuna anayemwita mwoga. Sisi tuliocheza mieleka ya watoto mchangani tunaielewa heshima hiyo: mgongo ukigusa mchanga, basi, mnakwenda kuoga. Na kule Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume huchapana kwa vigogo vya migomba, kwa kelele na kwa furaha kubwa, wala hatafutwi mshindi; watu humaliza hasira zao za mwaka na kwenda kula. Furaha ile naikubali yote. Silaha ni mgomba, na wanaochapana ndio hao hao wanaofurahi. Ubaya unaingia pale ambapo mmoja anachapwa na mwingine, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, ndiye anayefurahi.

Nirudi kwa Mandonga. Julai 2023 alipigana mara mbili katika siku chache. Nairobi Wanyonyi alilipiza kisasi. Kisha Mwanza akakutana na Moses Golola wa Uganda, mpigana mateke mwenye mdomo usiopungua wa Mandonga, na Golola akamshinda. Ndipo kamisheni ya ngumi za kulipwa ikamsimamisha kwanza, apimwe afya. Mle kibandani watu waliipokea habari hiyo kama watoto walionyimwa peremende. Mimi niliwashukuru kamisheni kimoyomoyo, lakini pia niliona aibu, kwa sababu kipigo cha Mwanza nilikitazama na nilicheka.

Aibu hiyo ina asili yake, na nimeahidi kujieleza kwa ukweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa na mvulana katika darasa la tano, mtoto wa mvuvi. Hakujua kusoma. Kila nilipomwinua asome alitunga maneno yake mwenyewe, kwa sauti ya sheikh au ya mpiga debe wa stendi ya Kibiti, na darasa zima lilivunjika mbavu. Mimi nami nilivunjika. Darasa la watoto themanini, jua la mchana, mwalimu hajalipwa malimbikizo yake: mtoto anayechekesha ni neema. Nikawa namwinua makusudi, saa ya usingizi, ili atuchangamshe. Sikumwinua hata mara moja baada ya masomo, tukiwa wawili, nimfundishe silabi. Alimaliza darasa la saba akipendwa na shule nzima, na hajui kusoma.

Alikwenda Dar es Salaam kubeba mizigo, akaingia katika ngumi. Alipigana mapambano ya utangulizi, yale yanayopiganwa watu wakiwa bado wanatafuta viti. Nilipokwenda mjini kufuatilia mambo ya pensheni yangu nilimwona mara moja. Aliingia akicheza ngoma za kwetu, kanga ya mamaye kiunoni, watu wakaacha kutafuta viti wakamtazama. Akashusha mikono, akatoa ulimi, akapigwa, akacheka, akapigwa tena. Alishindwa. Promota alimwambia hana haja ya kushinda, watu wanamtaka hivyohivyo. Karatasi aliyotia dole gumba ilimwahidi malipo ambayo hakuyaona yote, na hakuweza kuisoma ajue kama ameibiwa au amekubali mwenyewe. Aliponieleza hayo nje ya ukumbi nilimpa nauli na kumpongeza kwa uchangamfu wake. Neno hilo, uchangamfu, nililitumia mimi, mwalimu wake mkuu.

Amekwisha kurudi Mbuchi. Ananunua kamba kwa wavuvi na kuwauzia wenye boti waendao Nyamisati. Kazi anaiweza nusu. Husahau amepokea ndoo ngapi, na hurudia jambo alilolisema sasa hivi. Mama yake anasema hakuwa hivi alipoondoka. Jioni huja kwangu na vipande vya karatasi, nami humwandikia hesabu zake, na tumeanza silabi, ba, be, bi, taratibu sana. Ana miaka thelathini na kitu.

Wanaosema kwamba mapigano bila burudani yangekufa wana haki. Yangebaki na watazamaji wachache, makocha na ndugu. Lakini nikiulizwa mpiganaji kijana ashike lipi, nitamwambia ashinde, ashinde kwa kuchosha, ashinde watu wakiwa wanapiga miayo, na siku mguu ukiuma apige goti kama Mwakinyo na aache watu waseme. Na mtazamaji akiniuliza, sina la kumwambia zaidi ya kumwomba atazame mikono yake inapopiga makofi ni kwa lipi hasa.

Jumamosi iliyopita palikuwa na pambano kutoka Dar es Salaam. Kabla halijaanza, vijana walimwomba bondia wetu aingie kibandani kama alivyokuwa akiingia ulingoni. Mtu akamrushia kanga. Akaingia akicheza, na alicheza vizuri, miguu haijasahau kitu. Watu walishangilia sana. Alipomaliza alikuja akaketi mchangani karibu na kiti changu, akiwa anahema, akaniuliza, "Mwalimu, la leo ni la raundi ngapi?"

Nikamwambia kumi.

Baada ya kitambo kidogo akaniuliza tena.