Nani Mwenye Wimbo? Leseni za Muziki katika Michezo ya Video ya Mapigo na Nyimbo za Magharibi mwa Kenya

1. UTANGULIZI

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuuliza wimbo unasema nini, unasemaje, na unaimbwa na nani mbele ya hadhira gani. Ni mara chache wanapouliza swali ambalo mfanyabiashara huanza nalo: wimbo unapouzwa, kinachouzwa hasa ni nini? Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kutazama biashara iliyolijibu waziwazi kuliko nyingine, yaani ile ya kutoa leseni za nyimbo kwa ajili ya michezo ya video ya mapigo. Kisha jibu hilo litapimwa kwa nyimbo tatu: "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, "Baba Yetu" ya Christopher Tin, na "Sioyaye", wimbo wa jando wa Wabukusu wa Bungoma na Kwanza. Hoja inayotetewa ni kwamba leseni huutambua utungo na rekodi, lakini haiitambui lugha wala tukio. Na kwamba pengo hilo haliwezi kujazwa na wanasheria peke yao.

2. WIMBO ULIOPASULIWA

Mchezo wa mapigo ni ule ambao vitone vya rangi huteremka kwenye kioo vikifuata mwendo wa wimbo, na mchezaji hutakiwa kubonyeza kitufe, au kukanyaga jamvi maalumu, papo hapo kitone kinapofika. Akipatia, huongezewa pointi. Akikosea, ala anayoipiga hunyamaza. Japani ilitoa PaRappa the Rapper mwaka 1996 na Dance Dance Revolution mwaka 1998. Marekani ikafuata na Guitar Hero mwaka 2005 na Rock Band mwaka 2007.

Mtengenezaji wa mchezo wa aina hii anayetaka kutumia wimbo uliokwisha kurekodiwa huhitaji idhini mbili. Ya kwanza ni ya utungo, yaani maneno na mahadhi, ambayo aghalabu imo mikononi mwa mchapishaji wa muziki. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni mali ya kampuni iliyorekodi. Idhini hizi hutolewa mbali mbali, na moja yaweza kupatikana bila ya nyingine. Katika Guitar Hero ya kwanza, nyimbo nyingi zilipatikana kwa idhini ya utungo tu; wanamuziki wa kukodi wakazipiga upya kwa kuwaiga wenyewe.

Kundi la The Romantics la Marekani lilikwenda mahakamani mwaka 2007 kulalamika kwamba wimbo wao ulikuwa umeigwa barabara hata msikilizaji angedhani ni wao wenyewe wanaoimba. Mwaka 2008 mahakama ililikataa dai hilo. Kinyume chake ni The Beatles: Rock Band ya mwaka 2009, ambayo isingewezekana bila ya ridhaa ya wenye utungo na wenye rekodi kwa pamoja. Yaonekana basi kwamba nguvu ya msanii katika biashara hii hutegemea ni vipande vingapi vya wimbo wake vilivyobaki mkononi mwake.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi mpasuko huu ni wa ajabu. Yeye hufundishwa kwamba utungo huishi katika utendaji, na kwamba kuutenga na sauti, mahali na hadhira ni kuubakiza mifupa. Leseni huanzia papo hapo anapokatazwa kuanzia.

3. "HELULE HELULE": UTUNGO BILA SAUTI

Isidhaniwe kwamba mpasuko huo uliletwa na michezo ya video. Daudi Kabaka, Mluhya aliyekuwa miongoni mwa waimbaji mashuhuri wa mtindo wa twisti mjini Nairobi katika miaka ya 1960, alirekodi "Helule Helule" kwa Kiswahili. Mwaka 1968 kundi la Tremeloes la Uingereza liliuimba wimbo huo, nao ukaingia katika orodha ya nyimbo ishirini bora za nchi hiyo. Kilichovuka bahari kilikuwa utungo. Sauti ya Kabaka haikuvuka, wala Kiswahili chake. Neno la kichwa tu ndilo lililobaki, nalo masikioni mwa kijana wa London lilikuwa mlio usiokuwa na maana. Guitar Hero, miaka 37 baadaye, ilikuwa ikipita njia iliyokwisha kufyekwa.

Lakini kuna kilichobaki nyuma zaidi ya sauti ya Kabaka. Kabla ya twisti kushamiri palikuwa na mtindo wa gitaa wa omutibo wa magharibi mwa Kenya, uliovuma kwa vidole vya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Katika mtindo huo gitaa hudonolewa kwa vidole, na kando yake mwenzi hukwaruza chupa ya soda kwa chuma. Chupa ndiyo inayoshika mapigo. Laiti wimbo wa omutibo ungegeuzwa kuwa mchezo wa mapigo, chupa ingekuwa kitu cha kwanza kupewa kitufe. Hata hivyo, mpiga chupa hana mahali katika mkataba wa utungo, kwa maana mpigo unaojulikana na wote si mali ya mmoja. Ni kweli kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mtendaji na kumpa haki zake. Lakini mwenye kudai haki sharti kwanza awe na jina, na lebo ya santuri haikuwa na nafasi ya jina la mpiga chupa. Mchezo ungelipia kila kitu isipokuwa kile ambacho mchezaji angekicheza.

4. "BABA YETU": MANENO BILA LUGHA

Mfano wa pili si wa mchezo wa mapigo bali wa mchezo wa mikakati. Umeteuliwa kwa sababu unaonyesha Kiswahili chenyewe kikiingia katika biashara hii. Mwaka 2005 Christopher Tin, mtunzi wa Kimarekani, aliutungia mchezo wa Civilization IV wimbo wa ufunguzi ulioimbwa na kwaya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Uliporekodiwa tena mwaka 2009, ukiimbwa na Soweto Gospel Choir, ulipata sifa zaidi, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy.

Mahadhi ni ya Tin, na haki yake haina ubishi. Maneno ni ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, yaliyosaliwa na vizazi vya waumini kabla ya mchezo wowote wa video kubuniwa. Kwa hiyo hapakuwa na mshairi wa kuombwa idhini. Jambo la kuhakikiwa ni namna maneno hayo yalivyotendewa. Kivumishi "yetu" kinarudiwa mara kwa mara, hata baada ya "mbinguni", nomino ya mahali ambayo kwa upatanisho wa kisarufi ingedai "kwetu". Mtetezi atasema kwamba huo ni mwangwi tu wa "Baba yetu", na kwamba uhuru wa mshairi si mgeni katika Kiswahili: inkisari na mazida ni za tangu jadi. Utetezi huu una uzito. "Yetu" ni silabi mbili wazi, yenye mkazo katika ya kwanza. Inalia kama ngoma, na mtunzi aliisikia vizuri.

Lakini uhuru wa mshairi wa jadi ulikuwa na mipaka, kwa sababu hadhira yake iliijua lugha na iliweza kumsuta. Hadhira ya mchezo huo, kwa sehemu kubwa, haikijui Kiswahili. Neno limekuwa mpigo, na hapana wa kuuliza limepatana na nini. Wimbo ni mzuri na umewafundisha wengi kukipenda Kiswahili, hilo lisibezwe. Ila ni dhahiri kwamba hapana kifungu chochote cha leseni kilichodai kwamba maneno yabaki kuwa lugha.

5. "SIOYAYE": TUKIO LISILOUZIKA

Katika Bungoma, na katika Kwanza upande wa Trans-Nzoia ambako Wabukusu wengi wanaishi, mwezi wa Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili ni msimu wa jando. Alfajiri, kijana aliyepakwa tope mtoni hurudishwa nyumbani, na umati unaomsindikiza huimba "Sioyaye", kiongozi akitoa na wengi wakiitikia. Maneno yake humwonya mwoga, na humo mna kijembe kwa majirani wasiofuata mila hiyo. Alfajiri ile, kijembe ni sehemu ya kumtia kijana moyo. Kikiondolewa hapo kikawekwa chumbani mwa mchezaji asiyejua lolote, ni tusi tupu.

Tuseme mtengenezaji anautaka wimbo huu, kwani mwendo wake wa miguu inayotimua mbio unafaa mno kwa mchezo wa mapigo. Amwombe nani? Mtunzi hayupo. Mwenye kanda aliyeurekodi anamiliki kanda yake, si wimbo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inataka ridhaa ya jamii itangulie, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista. Lakini jamii hii imo katika kaunti zaidi ya moja, na ng'ambo ya Mlima Elgon, nchini Uganda, wako Wamasaba wenye jando la asili moja nalo. Saini ya nani itatosha?

Hata saini ikipatikana, tatizo la kifasihi litabaki. Mchezo wa mapigo humfanya kila mchezaji kuwa mtendaji, na mtendaji bora ni yule anayepiga kwa wakati. Katika "Sioyaye" mhusika mkuu haimbi wala hapigi chochote. Yeye ananyamaza, na ushindi wake ni kutotikisika mbele ya kisu. Tena mchezaji akishindwa huanza upya. Kijana hana mara ya pili. Leseni ingeweza kuuza mahadhi, maneno na mwitiko. Ukimya ule, ambao ndio maana ya vyote vitatu, hauandikiki katika mkataba.

6. HITIMISHO

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuzificha nyimbo hizi. Rai hiyo imechelewa: "Sioyaye" yenyewe imekwisha kusikika katika mikutano ya siasa, mbali na mto na kisu. Wapo pia watakaosema kwamba sheria inatosha. Hao wakumbuke "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi na Adam Salim wa Tanzania akadai kuwa ni wake. Sheria hushindwa kuamua vyema pale ambapo hapana aliyeandika mapema.

Kazi hiyo ya kuandika ni ya idara za lugha. Kila wimbo unaokusanywa Bungoma au Kwanza uandikwe pamoja na jina la kiongozi, la mpiga litungu na la mpiga chupa; maneno yake yafafanuliwe katika lugha yake; na ielezwe ni wakati gani huimbwa na wakati gani hauimbwi. Hati ya namna hiyo haitamzuia mnunuzi. Itamlazimisha tu ajue anachokinunua, na itampa mzee wa Kwanza karatasi ya kuweka mezani siku atakapoulizwa mwenye wimbo ni nani.