Diski moja, wenyewe wengi: juu ya mkusanyo wa tatu wa Queen

Orkestra Queen ya Uingereza ilizaliwa mwaka wa 1970, na tangu 1971 ilikuwa na watu wanne: Freddie Mercury mwimbaji, Brian May wa gitari, Roger Taylor wa ngoma na John Deacon wa besi. Mwanzoni walifuata ile rok yenye kupenda nyimbo ndefu, za sehemu nyingi, na sauti zilizopangwa moja juu ya ingine. Kisha wakageukia nyimbo fupi zaidi. Mkusanyo wao wa kwanza ulitoka 1981, na katika Uingereza peke yake umepita milioni 7. Wa pili ulitoka 1991. Wa tatu, Greatest Hits III, ulitoka Novemba 1999, miaka minane nyuma ya kifo cha Mercury. Juu ya huu wa tatu tunataka kusema neno.

Msomaji ataniuliza: mambo haya ya Ulaya yanatuhusu nini sisi watu wa Kisangani? Kwanza, Mercury alizaliwa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa jamaa ya Waparsi. Alisoma Uhindi, akarudi, na mwaka wa 1964, wakati wa mapinduzi, jamaa yake ikakimbilia Uingereza. Ni mtoto wa pwani ile ambako lugha yetu hii ilitoka. Lakini kuna sababu kubwa kupita hiyo: diski hii inaonyesha namna vitu vizuri vinavyoweza kukusanywa vibaya.

Tuhesabu. Nyimbo ni 17. Nne si za orkestra hata kidogo, ni kazi ya mtu mmoja mmoja: tatu za Mercury na moja ya May. Nne zingine zinatoka katika diski ya 1995, ambayo wale watatu waliimaliza nyuma ya kifo cha mwenzao. Pengine wanaimba wageni: Elton John katika Paris mwaka wa 1997, George Michael katika Wembley mwaka wa 1992, na wengine. Wenye kuitoa walijua kwamba jina la Queen halitoshi kufunika yote, kwa maana waliongeza alama ya kujumlisha nyuma yake. Alama ndogo ile inabeba mzigo mkubwa mno.

Kosa la kwanza ni kukosa usawa. Taylor alikuwa amekwisha kutoa diski nne zake mwenyewe, tangu 1981 mpaka 1998. Hakuna hata wimbo mmoja wa diski hizo humu. May anapewa wimbo mmoja tu, nao ulitungwa kwa ajili ya tangazo la motokari za Ford. Unapigwa kwa nguvu, lakini hautoshi kumwonyesha mtu. Deacon, ambaye hakutoa diski yake mwenyewe, anatokea kwa wimbo wake wa 1980, Another One Bites the Dust; lakini hapa Wyclef Jean ameujaza maneno yake, na besi ile iliyokuwa uti wa mgongo imekuwa kama mkeka wa kukanyagwa na mgeni.

Kosa la pili ni kukosa mpango. Tunaanza na 1997 na kumaliza na wimbo wa Noeli wa 1984. Katikati tunarukaruka kama mtu anayevuka mto bila kujua mawe yako wapi. Asiyejua habari zao hataweza kutambua nani alikuwa hai wakati gani, wala nani aliimba pamoja na nani.

Hata hivyo tusiwe wakali kupita haki. Barcelona, ambamo Mercury anaimba pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera, unatosha kulipa bei yote. Sauti mbili zilizofunzwa katika shule mbali mbali zinakutana, na hakuna moja inayoficha ingine. Mtu huyu hakuweza kuufanya ndani ya orkestra, alihitaji kutoka. Lakini Living on My Own ni wimbo wake wa 1985 uliotengenezwa upya na mikono mingine, ukatoka 1993 na kushika nafasi ya kwanza Uingereza. Unachezeka sana, tena unatuacha na swali: je, ni kazi yake, au ni kazi juu yake?

Swali hilo ndilo kiini. Miti ya Wagenia katika maporomoko yetu husimamishwa na mikono mingi, lakini kila mtego una mwenyewe, na samaki hawachanganywi. Orkestra ni hivyo. Rochereau na Docteur Nico walipoacha African Jazz ya Kabasele mwaka wa 1963, walichukua jina jipya, African Fiesta, na msikilizaji alijua anamsikiliza nani. Marehemu hawezi tena kusema: wimbo huu ni wangu peke yangu, ule ni wetu sote. Kwa hiyo wenye kubaki wanapaswa kusema kwa ajili yake, wazi, si kwa alama tu.

Neno hili linatugusa na sisi, tunaokusanya nyimbo za kwaya na za orkestra na kuzisambaza kwa jina moja. Tuandike mtunzi, mwimbaji na mwaka. Ni kazi ya dakika chache, nayo inalinda haki ya mtu kwa miaka mingi.

Mwenye kutaka kuwajua Queen aanze na mkusanyo wa 1981. Mwenye kutaka kumjua mtoto wa Unguja atafute diski nzima aliyoifanya na Caballé, ya 1988. Huu wa tatu aukopeshe kwa rafiki, asikilize nyimbo tano au sita, kisha aurudishe.