Matanga ya Kinu

Ukitoka kituo cha treni cha Leiden, Uholanzi, hutembei dakika kumi kabla ya kufika De Valk, kinu cha upepo cha mwaka 1743 ambacho leo ni makumbusho. Ni mnara wa matofali wenye ghorofa saba, uliojengwa palipokuwa na ngome ya mji na kupandishwa juu ili nyumba za watu zisiuzibie upepo. Niliingia na jicho la kutafuta makosa. Mimi ni mtoto wa mashine ya kusaga (Rembrandt naye, aliyezaliwa mji huuhuu mwaka 1606, baba yake alikuwa na kinu, lakini hapo ndipo tunapoishia kufanana). Baba yangu aliendesha mashine kijijini kwetu miaka mingi, na nilitaka kuona kama Waholanzi wanajua wanachokihifadhi.

Mwanzoni sikuridhika. Ghorofa ya chini ni makazi ya familia ya mwenye kinu, na fanicha zake zimepangwa kana kwamba wenyewe wametoka kidogo tu. Pazuri, ila pasafi mno. Kwetu unga uliingia kwenye shuka, kwenye sukari, kwenye kope za mama. Sebule isiyo na vumbi la unga inanieleza habari za mali ya mtu, hainielezi kazi yake. Anayeishia hapo chini ataondoka akidhani mwenye kinu alikuwa bwana wa kunywa chai.

Bahati nzuri kuna ngazi. Ni nyembamba, zimesimama wima, unazipanda kwa mikono miwili kama anayeingia darini, na kwa kila ghorofa ile sebule inazidi kusahaulika. Nilipofika kwenye mawe nilisimama muda mrefu. Jiwe la chini limelala, la juu ndilo huzunguka, na mifereji iliyochongwa kwenye nyuso zao huusukuma unga kuelekea ukingoni. Hapo sikuhitaji maelezo ya mtu. Mashine ya baba nayo ilikuwa ya mawe. Aliupokea unga wa kwanza kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, na kabla hujamuuliza kitu alishazungusha usukani mdogo wa kubana mawe. Unga ukitoka wa moto sana, mawe yamekaribiana mno. Mawe yakiwa butu, aliyafungua na kuyachonga upya kwa nyundo na patasi, na siku hiyo kijiji kizima kilisubiri.

Kwa hiyo nayafuta nusu ya malalamiko yangu. Kilichofanyika De Valk ni kigumu kuliko kinavyoonekana: kinu hakikung'olewa kikapelekwa kwenye jumba la vioo. Meno ya magurudumu, breki, mawe, kila kitu kiko palepale kilipofanyia kazi, juu ya vichwa vya waliolala chini yake. Mashine ya baba iliuzwa chuma chakavu, kwa kilo. Aliyepokea pesa ni mimi.

Kisichohifadhika ni mlio. Siku hiyo mapanga manne yalikuwa yamesimama, na kinu kilichosimama ni kimya kama kabati. Lakini Waholanzi walikuwa na njia ya kukifanya kinu kiseme hata kikiwa kimesimama, na kama ningepewa kazi ya kuwatembeza wageni ningeanza na hilo, fanicha baadaye. Panga likisimamishwa kabla kidogo ya kufika juu kabisa, kuna furaha: harusi, au mtoto amezaliwa. Likisimamishwa baada ya kupita kidogo, kuna msiba. Majirani waliliona kwa mbali wakajua. Na mapanga hayo huvalishwa vitambaa kukamata upepo, sawa na jahazi. Kiswahili kinayaita matanga. Nilicheka peke yangu pale kwenye roshani inayouzunguka mnara, kisha kicheko kikaniishia, maana Kiswahili kina neno hilohilo kwa siku za kukaa msibani.

Willem van Rhijn, mwenye kinu wa mwisho wa De Valk, alifariki mwaka 1964. Miaka miwili baadaye makumbusho yakafunguliwa.

Siku tuliyomzika baba hakuna aliyewasha injini. Mlio wake ulikuwa ukifika hadi ng'ambo ya mto, kila siku isipokuwa Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Hatukuwa tumempeleka mtu huko na habari. Mchana walifika akina mama watano kutoka ng'ambo, bila mahindi, kanga wamejitanda.