Diwani na Meneja: Mgawanyo wa Madaraka katika Mabaraza ya Ayalandi

Kabla ya mwaka 1898, barabara, madaraja na kodi za kila kaunti ya Ayalandi zilikuwa mikononi mwa jopo la wenye ardhi walioteuliwa na sherifu, wala mkulima aliyetozwa kodi hiyo hakuwa na kauli juu ya matumizi yake. Sheria ya mwaka huo, iliyosimamiwa na waziri Gerald Balfour, iliwavua makabaila madaraka hayo na kuyakabidhi mabaraza ya kuchaguliwa. Na ili kuwaridhisha, hazina ya serikali ikabeba sehemu ya kodi ya mashamba.

Mwaka 1920 mengi ya mabaraza hayo yalitangaza utiifu kwa Dáil, bunge la wapigania uhuru. Lakini uhuru ulipopatikana, serikali mpya, iliyotoka vitani na hazina dhaifu, ilijipa kwa sheria ya 1923 uwezo wa kuyavunja, na mwaka uliofuata madiwani wa Dublin na Cork, waliolaumiwa kwa upendeleo, wakaondolewa, makamishna wakashika nafasi zao.

Hapo ndipo ulipozuka mushkili: madiwani warudishwe vipi bila ya kurudisha upendeleo huo? Jawabu lilitolewa na sheria ya Cork ya 1929. Baraza lilirejea, ila kamishna Philip Monahan akabaki, safari hii kwa cheo cha meneja, na madaraka yakakatwa mafungu mawili: baraza lilipewa mambo yaliyotajwa waziwazi, kama vile kupitisha bajeti, kiwango cha kodi na mikopo, ilhali kila jambo lisilotajwa, likiwamo la watumishi na mikataba, likawa la meneja. Kuanzia mwaka 1942 utaratibu huo ulienea katika kaunti zote.

Sheria ya 1955 iliwaongezea madiwani uwezo wa kumwamuru meneja. Lakini kodi za nyumba zilipofutwa mwaka 1978 walipoteza pato lao kubwa, na mwaka 2014 mabaraza 80 ya miji yakafutwa kabisa.

Dawa hiyo ya meneja ilipunguza upendeleo, hilo halina shaka. Taksiri yake ni kwamba masalio yote ya madaraka yalimwangukia asiyechaguliwa. Ni Limerick peke yake, iliyomchagua meya wake kwa kura za wananchi mwaka 2024, iliyoanza kuyahamisha.